Blanketi Yenye Namba Yangu

Nekesa mjukuu wangu,

Natumaini baridi ya huko haijakushika. Hapa Eldoret tuko salama. Mamako ameanza kupalilia mahindi, na mguu wangu unauma kidogo tu.

Umeniuliza kama kiwandani tulitengeneza kitambaa cha kufanana na felti, kile cha manyoya yaliyoshindiliwa bila kufumwa, unachosomea. Tulitengeneza blanketi. Brashi za waya zilichana kitambaa mpaka manyoya yakafunika nyuzi, usijue kimefumwa. Mimi nilikuwa mkaguzi. Kisha kiwanda kikaanza kupunguza uzi, na supavaisa akatuambia, "Chaneni mara mbili, itaonekana nzito." Kweli ilionekana nzito. Niliogopa kufutwa kazi, kwa hivyo kila blanketi nilishonea namba yangu ya ukaguzi pembeni nikaipitisha.

Mama yangu, aliyekuwa akiishi Chepsaita, alinunua moja sokoni. Julai nilimkuta kitandani amevaa sweta mbili. Alikuwa ameifua ile blanketi, na manyoya yote yalikuwa yametoka. Nilipoiinua dirishani niliona miti ya nje.

Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyeipitisha."

"Najua," akasema. "Nilichagua hii kwa sababu ya namba yako."

Nilimletea nyingine siku hiyo hiyo. Akajifunika, akanishukuru, lakini baridi ilikuwa imeshaingia kifuani. Tulimzika kabla Agosti haijaisha.

Kwa hivyo ukipewa kitambaa cha namna hiyo, kiinue kwenye mwanga kwanza. Ukiona nyuzi ni chache, sema, hata kama mkubwa wako amekisifu. Mimi nilinyamaza.

Nakuombea kila asubuhi.

Kukhu wako