Gari Limeingia Bila Mkwaruzo

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukushukuru kwa gari ulilonitumia.

Kaka yako alikuja kuninyang'anya funguo ili aondoke na gari hilo. "Baba, tangu mama afariki, kila ukirudi nyuma unakwaruza ukuta!" Ni kweli, marehemu ndiye aliyekuwa akisimama nyuma akiniita, "Njoo, njoo, basi!"

Nikamwomba aketi kando yangu, nikaweka gia ya nyuma na kubonyeza kitufe cha kuegesha. Vihisi vya kwenye bampa vilirusha sauti isiyosikika, vikapima umbali kwa mwangwi uliorudi, na usukani ukajizungusha wenyewe. Mlio wa tahadhari ulipokuwa mfululizo nikakanyaga breki. Hakuna mkwaruzo!

"Ahsante, mama watoto," nikajikuta nikisema.

"Hongera, mzee. Umenishinda," akasema kaka yako.

Barua hii anakuletea yeye, kwa basi. Funguo ninazo mimi.

Wako,
Baba