Kichwa cha Kocha Mikkel

Jumamosi, La Rochelle, Johannesburg. Radi inanguruma tangu saa nane mchana na mvua hainyeshi. Nimefunga dirisha.

Naandika kwa sababu leo nusura niue watoto wa watu kwa kunyamaza.

Kocha Mikkel ni mtu wa Denmark. Alizaliwa kwenye mji mdogo wa bandari, akawa mshambuliaji kwa sababu ya urefu: krosi ikija, mabeki wote walikuwa chini ya kidevu chake. Alifunga kwa kichwa huko kwao, akafunga kwa kichwa Ujerumani na Ubelgiji, akaitwa timu ya taifa mara chache, kisha akaja kumalizia soka hapa Johannesburg. Akamwoa Thandeka, akabaki. Ana miaka mitano sasa anafundisha timu yetu ya wasichana, mabinti wa Wakongo, Warundi na sisi Watanzania. Mimi ndiye meneja. Maana yake nafua jezi, napigia wazazi simu na kubeba maji.

Kuna kisa anapenda kutusimulia. Huko Ujerumani aligongana vichwa na beki, akazimia, akazinduka, akarudi uwanjani na kufunga bao la ushindi. Bao lenyewe halikumbuki mpaka leo. Aliliona kwenye televisheni kama mtu mwingine yeyote. Wasichana hucheka kila mara. Na mimi nilikuwa nacheka.

Miezi miwili iliyopita alikuja uwanjani Jumatano, na mazoezi yetu ni Jumanne. Baadaye akapanga wachezaji kumi na wawili, nikamwambia awahesabu, akabisha. Siku nyingine akaniita Henrik, jina la mtu aliyecheza naye zamani. Kila mara aliniomba nisimwambie mkewe. Kila mara nilikubali.

Niseme ukweli hapa, maana kwingine sijathubutu. Sikunyamaza kwa huruma tu. Uwanja wa shule tunaotumia tulipewa kwa ajili ya jina lake. Akiondoka yeye, timu inakufa, nami narudi kuwa fundi cherehani wa Newtown ambaye hakuna anayemwita meneja.

Leo asubuhi tulikuwa tunakwenda kwenye mechi. Wasichana saba nyuma ya kombi, wenzao walikuwa wametangulia; mimi mbele, yeye kwenye usukani. Tulipokaribia robot, taa za barabarani kama zinavyoitwa hapa, ikawa nyekundu, naye hakupunguza mwendo. Nilidhani anachelewa tu kufunga breki. Hakufunga. Lori likatokea kushoto likipiga honi, likapita nyuma yetu karibu kabisa. Kombi nzima ilitikisika kwa upepo wake.

Hakuna aliyepiga kelele. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Kisha Neema, beki wetu wa kushoto, akasema taratibu, "Anti, ile robot ilikuwa red."

Kocha akaegesha mbele ya spaza, duka dogo la mtaani. Akanigeukia kwa adabu, kama mtu anayemuuliza njia mpita njia.

"Tunakwenda wapi?"

Nikamwambia tunakwenda kwenye mechi. Macho yake yakarudi, akaelewa alichofanya. Akaukamata usukani kwa mikono miwili. "Zainabu, tafadhali, usimwambie Thandeka."

Nikachomoa ufunguo. Tukatembea njia yote iliyobaki. Wakati wa kupasha misuli moto alisimama akiwaonyesha wasichana namna ya kupiga kichwa, mpira baada ya mpira, mpaka paji lake la uso likawa jekundu. Nilitaka kumzuia, nikaendelea kupanga chupa za maji. Tukafungwa, wala sikumbuki ngapi.

Baada ya mechi nilimsindikiza kwake. Thandeka alikuwa uani akianua nguo. Nikamweleza yote, tangu ile Jumatano. Hakushtuka. Aliweka kikapu chini.

"Daktari alimkataza kuendesha gari tangu mwaka jana, sisi," alisema, akiniita dada kwa lugha ya kwao. "Ubongo wake umeumia na hautapona. Yeye aliniambia unayeendesha ni wewe."

Mimi sina hata leseni.

Mikkel alikuwa amekaa barazani, anasikia. Hakukana. Alisema tu kwamba alipokuwa mchezaji alificha kila maumivu ili asitolewe nje, na hakuwahi kujifunza kuishi vingine. Thandeka akaninyooshea mkono, nikampa ufunguo. Kwa jinsi alivyoufumbata nilijua Mikkel hataushika tena.

Wasichana hawajasema kitu majumbani mwao. Nina hakika. Wamezoea kwamba ya timu hubaki kwenye timu, na hilo nimewafundisha mimi.

Huenda tukanyang'anywa uwanja. Huenda wazazi wasinipe tena watoto wao, na watakuwa na haki.

Kesho nitakwenda nyumba kwa nyumba. Si kwa simu. Nitaanza na mama yake Neema, kwa kuwa Neema ndiye aliyekaa dirishani, upande ule wa lori.