Saa Iliyosoma Mapigo ya Kiazi

Jumamosi, Bariadi. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Pamba zilizodondoka kwenye malori zinaviringika kando ya lami. Nimeamka na hasira, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, nimewakasirikia wote.

Shajara, humu nimeandika habari za jogging, za raba mpya, za kilo nne zilizopungua nikajisifu kama bibi harusi. Habari za moyo wangu nimeziruka makusudi. Leo naziandika.

Mwezi uliopita daktari aliniambia nina presha, na kwamba mapigo yangu hayampendezi. Alisema nifanye mazoezi mepesi, ila mapigo yasipite mia moja na arobaini mpaka nipimwe umeme wa moyo. Nitafute kifaa cha kuyahesabia. Akanipa karatasi ya kwenda kupimwa. Karatasi hiyo nimeikunja ndani ya daftari la maandalio ya somo, na mpaka leo iko humo.

Baba yangu alianguka kwenye shamba la pamba kule Lagangabilili, asubuhi, jembe mkononi. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Mimi nina arobaini na mitatu.

Mume wangu sikumwambia neno la daktari. Niliona wazi atakachofanya: ataficha raba, atamwita mchungaji, ataniketisha kwenye kiti kama mgonjwa. Nikaamua nitafute kifaa kimya kimya, nijilinde mwenyewe.

Basi nikaanza kuchagua saa ya kupimia mapigo. Jamani, kuchagua! Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Nikiuziwa sado ya mchele naingiza mkono mpaka chini. Duka la kwanza saa zilikuwa na majina makubwa, na bei ndogo mno kwa majina hayo. La pili muuzaji alisema saa yake inapima presha, sukari, usingizi na hasira. Nikamwambia ya kwangu hasira naijua bila saa. La tatu, karibu na soko, muuzaji ni mtu mzima wa rika langu, mpole. Upole wake nao niliushuku, ila nikanunua kwake.

Saa ilinipenda tangu siku ya kwanza. Nikikimbia, tisini na mbili. Nikipanda kilima, tisini na sita. Nikahema mpaka nikaona nyota mchana, yenyewe tisini na nne! Nikaongeza mwendo. Wenzangu wa kikundi cha jogging wakaanza kuniita mwanariadha, na mimi nikaitika.

Lakini moyoni kitu kilininong'oneza. Mwalimu wa historia anayehemea ubaoni baada ya kuandika tarehe tatu, mapigo yake yawe ya mtu aliyelala?

Jana nikafanya jaribio. Nilichukua kiazi kitamu jikoni, kikubwa, nikakifunga saa. Nikasubiri. Saa ikafikiri kidogo, halafu ikaniletea sabini na sita.

Sabini na sita! Kiazi kina afya kuliko mimi.

Nilikwenda sokoni na kiazi changu mkononi, saa ikiwa bado imekivaa. Watu walicheka, wacheke. Nilimwambia yule muuzaji maneno ambayo kesho kanisani nitayatubia. Hakupandisha sauti. Alivaa ile saa mwenyewe, ikasoma themanini na moja, akaweka vidole kwenye shingo yake na kuhesabu mbele yangu, zikalingana. Nikasema huo ni mchezo wa karata. Akasema, "Madam, tuijaribu kwako. Kwanza vaa mkono mwingine."

Niliondoka. Nilimwambia sina muda, lakini ukweli ni mwingine, na huu ndio unaoniuma kuuandika.

Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, pale inapokaa saa, nina chale. Mistari sita, imepakwa dawa nyeusi ikazama humo humo. Bibi alinichanja nikiwa mdogo, kila mtoto wa boma letu alichanjwa, ili jicho baya lisinipate. Kijijini hakuna anayeshangaa. Lakini mimi ni mke wa mzee wa kanisa, na shuleni nina wenzangu kutoka Tanga, Mbeya, Bukoba. Tangu nianze kazi sijawahi kutoka na mkono huo wazi. Saa kwangu ni kifuniko kwanza, kisha ndiyo saa. Nivae mkono wa kulia, chale nizifunike na nini?

Leo asubuhi nilienda mazoezini na silaha nyingine. Zuhura wa Tanga, mwalimu wetu wa fizikia, ana mkanda wa mapigo unaofungwa kifuani na kuonyesha namba kwenye simu. Aliniazima jana jioni bila hata kuuliza kwa nini, na hilo lenyewe likanikosesha usingizi. Mtu akuazime kitu chake cha bei vile, hataki kitu? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na huu mkanda kweli uko ndani ya nguo.

Tulikimbia barabara ya kwenda Maswa, yeye ameshika simu. Kwenye kile kilima kidogo nikatazama saa: tisini na nne. Zuhura akatazama simu, akasimama ghafla.

"Simama, dada. Mia moja sabini na moja."

Nikamwambia mkanda wake mbovu. Nikamwambia labda betri, labda jasho, labda wanawake wa Tanga vifua vyao vimeumbwa vingine. Yeye hakucheka. Alinikalisha kwenye jiwe, akasema nihamishe saa mkono wa kulia.

Nilikataa mara mbili. Kisha kizunguzungu kikanijia, nikafungua.

Aliziona chale. Nilimkazia macho nione kama atakunja uso. Alisema tu, "Kumbe. Hii dawa nyeusi inameza taa." Akanieleza kama anavyowaeleza wanafunzi: saa inamulika taa ya kijani kwenye ngozi ili ione damu ikipita. Pale penye weusi taa hairudi vizuri, kwa hiyo saa inabahatisha namba. Hata kwenye kiazi inabahatisha, maana yenyewe haijui kuwa ni kiazi. Haikuwa feki. Ilikuwa imevalishwa pabaya.

Mkono wa kulia ikasoma mia moja sitini na tatu. Simu ikasema mia moja sitini na tano.

Vifaa viwili, maduka mawili, na havijuani. Nilitafuta wa kumshuku, sikumpata.

Tulikaa pale kwenye jiwe nusu saa nzima bila kutembea. Nilikunywa maji. Mama mmoja aliyebeba kuni alipita akatusalimu, "Mwangaluka," tukaitikia. Nilipotazama tena, mtu nimekaa tu, sijafanya lolote, saa ilisema mia moja na kumi na nane. Mkanda nao ulisema hivyo hivyo. Zuhura aliufungua mkoba akanipa kanga yake nijifunike upepo.

Nakiri hapa. Namba ndogo zile nilizipenda. Nilijua saa inanidanganya tangu wiki ya kwanza, na kiazi nilikifunga jana kwa sababu nilikuwa naogopa, siyo kwa sababu nina akili. Nilitaka kosa liwe la muuzaji. Jumatatu nitapita dukani kwake kumwomba radhi, na aibu yangu nitaibeba mwenyewe.

Mchana nilimkuta mume wangu uani akirekebisha mlango wa banda la mbuzi. Nilimpa karatasi ya daktari. Aliisoma mara mbili, akatazama tarehe iliyoandikwa juu. Nikajiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari, na mengine makali.

Hakugomba. Aliketi kwenye magogo, nyundo bado mkononi, akalia. Miaka kumi na saba ya ndoa, sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake.

"Ungeanguka huko barabarani," alisema, "mimi ningeambiwa na watu."

Nikaichukua nyundo mkononi mwake, nikaketi karibu naye.

Jumatatu saa moja asubuhi tutakuwa kwenye foleni ya hospitali, mimi na yeye. Naogopa, shajara. Naogopa sana, na sasa tunaogopa wawili.