Nyota ya Dada Zaina

Mjukuu wangu Salma, assalaam aleikum. Huku Buyenzi tunamshukuru Mungu, mama yako amepona malaria na ameanza kula.

Umeniuliza mtu asiye na nyota ni mtu gani, maana huko Ubelgiji umejiita hivyo. Neno hilo lilinichoma.

Dada yangu Zaina walimwita mwenye nyota, yaani anapendwa na watu na anakuja na baraka. Kila asubuhi wenye maduka walimgombania awe mnunuzi wa kwanza. "Zaina, we anzia kwangu!" Akinunua kiberiti tu, waliamini siku hiyo biashara itakwenda.

Kisha mtoto wake wa pekee akafariki. Alipotoka tena asubuhi, mwenye duka mmoja alimzuia mlangoni. "Apana, Zaina. Ngoja mutu mwingine aingie kwanza. Nyota yako imezimika."

Nilikuwa naye. Nilimtazama usoni, nikamwona Zaina yule yule, ila macho yamevimba kwa kulia. Njiani aliwasalimia watu wote kwa majina yao, kama siku zote.

Basi nyota ni nini, Salma? Mi sijui. Najua tu kwamba mpaka anakufa hakukanyaga tena dukani; hata kiberiti alinituma mimi.

Bibi yako anayekuombea