Kibuyu cha Uvunguni

Mwanne, uko peke yako? Kaa chini kwanza.

Bibi kanisimulia leo habari za bibi yake, Sijaona, wakati wa Maji Maji. 

Mjerumani aliwaachia yeye na mumewe farasi kwenye shamba lao jipya kule Kitangari. Farasi akifa, wananyongwa! Na kumtunza hawajui. Farasi akilala amesimama, wao wanadhani anakata roho. Na maji jamani! Sijaona anapanda na mtungi kutoka bondeni, farasi anaukausha palepale.

Siku moja farasi akalegea kwa kiu. Sijaona akaona kibuyu cha maji uvunguni, akamnywesha yote. Mumewe asije akagomba, akashuka bondeni, akakijaza tena.

Jioni wanaume wakaja. Mumewe akakitoa kile kibuyu. Kumbe ilikuwa dawa ya vita! Wakanyunyiziwa mmoja mmoja, wakaambiwa risasi zitageuka maji.

Sijaona akawaacha wanyunyiziwe maji ya bondeni, akaenda kumkatia farasi majani. 

Mumewe alibaki na farasi. Wenzake wakaenda kupigana Masasi. Hakurudi hata mmoja.

Mpaka anazikwa, Sijaona aliamini yeye ndiye aliyewaua.

Mwanne, wa kwanza kunyunyiziwa alikuwa Fikirini. Yule babu yenu mnayemsomea dua kila mwaka bila kujua kaburi lake.