Tone la Kisigino

2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mshono wa upasuaji unapona, ila kucheka bado kunauma, kwa hiyo usiniandikie habari za shangazi.

Mjukuu wako bado yumo kwenye kisanduku cha joto. Njiti wetu, na haraka yake yote ya kuzaliwa kabla ya wakati, ni mtulivu, hasumbui mtu. Kinachoniumiza ni huyu mpima damu wa maabara, wodini tunamwita Bwana Mbu. Kila baada ya siku chache anakuja na kitoroli chake kumtoboa kisigino. Mama, mguu wenyewe ni kama kidole changu! Nimkatalie?

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linalalamika kama mwenye goti.

Mkatalie! Mtoto hana damu ya kugawa. Wewe ulipozaliwa ulilia mpaka jirani akatishia kuhama, na hakuna aliyekutoboa. Huyo analala vizuri, basi ana afya. Mwambie Mbu akanyonye kwingine.

Mama yako

14 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Leo nimemwuliza nesi wa zahanati kuhusu njiti anayelala sana. Akavua miwani, akaniuliza ni mtoto wa nani. Tangu hapo chakula hakipiti.

Kama nilikupotosha, niambie. Na kama kuna jambo baya, niambie pia. Usinifiche.

Mama

16 Mei

Mama,

Shikamoo. Yu hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Siku nilipopata barua yako, mtoto alikuwa amelala kuliko kawaida, nami nikafurahi. Bwana Mbu alipokuja nikamzuia mlangoni. Hakubishana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Dada, mtoto mkubwa akiugua analia. Njiti akiugua ananyamaza. Damu ndiyo inayomsemea."

Akanieleza kwamba vijidudu vikiingia kwenye damu, kuna alama mbili wanazozitafuta humo: moja hupanda mapema, nyingine hufuata. Siku iliyotangulia, ile alama ya kwanza ilikuwa imeinuka kidogo tu, ndiyo maana alitaka tone jingine alinganishe. Nikamfunulia kisigino mwenyewe.

Zote zilikuwa zimepanda. Wakamwanzishia dawa palepale. Jioni akawa anasahau kupumua, nesi anamgusa unyayo mpaka akumbuke. Siku zile kalamu ilinishinda, mama. Niliogopa nikiandika neno litakuwa kweli.

Sasa alama zinashuka. Daktari anasema tusishangilie bado. Sijakukasirikia hata kidogo. Ila nimechoka, mama. Nimechoka kweli.

Mwanao

18 Mei

Mwanangu,

Sikuulizi hali, nimekuja kuiona mwenyewe. Nipo getini. Mlinzi anasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nimemwambia sikuja kuona mgonjwa, nimekuja kumlaza mwanangu. Amecheka, lakini hajafungua.

Barua hii anakuletea Bwana Mbu. Nimemwona akipita na kitoroli, nikamwita, nikamwomba msamaha. Hajui kosa langu ni lipi, lakini amesamehe.

Njoo uniingize. Kucha nimekata, mikono nimenawa mpaka imekunjamana. Nitakaa mimi pale kisandukuni, nawe utalala, tena utalala mpaka ukorome. Fanya haraka kabla zamu haijabadilika, maana huyu mlinzi ameshaanza kuniita mama.

Bibi