Plake Namba Tisa

Siku ya kwanza ya wiki, 5 mwezi wa tatu 2001. Mususa, Butembo.
Nimeshika tupa tangu asubui. Plake sita za gari, namba kumi na tisa mpaka ishirini na ine. Njo za mwisho. Alumini ya leo ni safi, Kasereka aliyeyusha piston za kamio tu, hakutia sufuria za zamani. Nimetoa manundu pembeni, nimetoboa matundu ya vis za kufungia, nimeosha na esanse, nimepaka bluu yote. Ikikauka nitasugua herufi juu na karatasi ya kusugua, chuma ionekane, kisha vernis. Kidole kimoja kinatoka damu.
Chama ya bashofere balifurahi na zile za kwanza. Kila gari inafunga yake mbele. Tangu vita, batu ba njia ya Beni banaamini hii plake kuliko karatasi ya bureau. Bwana yangu alianza kazi hii. Alipokufa tulibakia babili: mudogo wake Kasereka anamwaga, mimi ninamaliza.

Siku ya tatu, 7.
Habari mbaya. Jana karibu na Mbau, gari ilisimama katikati ya barabara, kapo ya moteri wazi kama yenye kuharibika. Mbele plake yetu, namba tisa. Kakule, shofere wa chama, alipunguza mwendo asaidie mwenzake. Wenye gari balimupiga masasi, akafa palepale. Balibeba mizigo yote. Convoyeur, musaidizi wake, alijitupa katika majani, njo alisoma namba.
Namba tisa ni ya Muhindo, ndugu yangu wa tumbo moja. Mais jana Muhindo alikuwa hapa Butembo, gari yake juu ya magogo, batu bote ba garage balimuona.
Donc kuna namba tisa mbili.
Katika muji huu wote, batu babili tu banafanya hizi plake. Mimi sikuifanya.

Siku ya tano, 9.
Ninamuangalia Kasereka. Yeye hajue.
Wiki mbili zilizopita alienda Beni, alisema makala ya moto ni bei nzuri kule. Alirudia na gunia moja. Mutu anaenda Beni ju ya gunia moja?
Mufano wa mbao, ule tunaugandamiza katika muchanga, ulikuwa unatundikwa ku ukuta tangu zamani. Sasa anaufungia katika sanduku yake. Na bluu imepunguka. Ninajua brosi yangu inakula rangi kiasi gani.
Alinipa mukate saa sita. Nilisema nimeshiba. Nilikuwa na njaa.

Siku ya Posho, 10.
Muhindo alikuya kunisalimia mbele ya kurudia kwake Bungulu, kule Beni. Nilimuambia yote: sanduku, Beni, bluu. Alisikia akiangalia chini. Akasema: "Dada, mwenye kumwaga njo mwenye mufano. Angalia nyumba yako."
Alikula kidogo sana. Kakule alikuwa rafiki yake.

Siku ya Yenga, 11.
Kanisani. Kasereka aliomba macho wazi. Niliona ju mimi pia nilikuwa sikufunga yangu. Ninamuchukia. Nimeandika, basi.
Inje, Papa Paluku, mukubwa wa chama, alinisimamisha karibu na mulango. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninajua kitu. Nilijibu: "Mimi sikupaka ile. Muulize mwenye kumwaga."
Hayo tu. Sikuongeza.

Siku ya pili, 13.
Balikuya asubui, baaskari bane. Kasereka alikuwa anamwaga, kijiko kikubwa kimejaa. Balimushika mukono, alumini ikamwagika chini, ikagandamana na majani. Hakupigana. Hakuangalia baaskari, aliniangalia mimi. "Shemeji, funika moto."
Balimupeleka Beni.
Nilifunika moto.

Siku ya ine, 15.
Kavira, bibi ya Kasereka, alifika na mutoto ku mugongo. Anaenda Beni kumupelekea chakula. Nilimupa bunga na maharagi. Alinishukuru sana. Ningependa anitukane.
Alipotoka, nilivunja kufuli ya sanduku. Mufano umefungwa katika kitambaa safi. Pembe moja muchwa walikula, amechonga kipande kipya, amekigandisha na kole, ameziba na nta. Kazi ya siku nyingi. Alikuwa anaficha muchwa, si wizi. Mufano uliharibika ndani ya mikono yake, na ulichongwa na kaka yake.
Na mukebe wa bluu umetoboka chini. Kuna bluu kavu nyuma ya etajeri, kubwa kama sahani.
Mais hiyo hapana ushahidi. Beni alienda kufanya nini?

Siku ya kwanza, 19.
Papa Paluku alileta plake ya uongo. Balikuta gari imetupwa mu pori upande wa Mbau, plake ingali mbele. Alitaka niitambue, aandikie bakubwa ba baaskari, Kasereka ahukumiwe.
Niliiweka juu ya mufano wa mbao. Ni ndogo. Nilijua itakuwa ndogo, alumini ikipoa inanyauka, zetu zote zinatoka ndogo kidogo kuliko mbao. Mais hii ilizidi kiasi. Nilileta moja yetu, nikalinganisha. Ndogo tena kuliko yetu, upana wa ukucha.
Donc haikutoka ku mbao. Mutu alichukua plake yetu iliyokwisha kutengenezwa, akaigandamiza mu muchanga, akamwaga juu ya ile alama. Imenyauka mara mbili. Mwenye mufano hana haja ya kufanya vile. Kasereka hakuifanya.
Kisha niliona kovu. Pembeni ya tisa, mustari mufupi wa kwenda chini. Mwezi wa kwanza tupa iliniponyoka pale. Nilifunika na rangi, nikaichagulia Muhindo, ju ndugu hatalalamika. Kovu iko hapa, imemwagwa pamoja na chuma.
Papa Paluku akauliza ninaona nini. Nilisema: "Unipe siku moja, papa."

Siku ya pili, 20. Bungulu.
Muhindo alikuwa anaosha gari. Nilimuonyesha mustari na kidole, ku plake yake yeye. Hakukana.
"Balinishika Mbau mwezi uliopita. Balitaka plake siku mbili tu. Nikikataa, balisema batachoma gari na mimi ndani."
"Na Kakule?"
"Sikujua batamuua, dada. Naapa."
"Na Kasereka?"
Alikamua kitambaa mpaka maji ikaisha, akaendelea kukikamua.
Nilimuelewa kwa kuogopa. Hata mimi ningebapa. Mais alikula ku meza yangu akaniambia niangalie nyumba yangu. Nilimuambia kesho ninasema yote. Alilia, akataja mama yetu. Mimi sikulia. Nilipanda gari ya kurudia.

Siku ya tatu, 21.
Nimesema. Plake mbili na mufano juu ya meza ya bureau ya chama. Papa Paluku alipima yeye mwenyewe, mara tatu. Kisha aliomba wenzake batoke, akaniuliza kama ninajua ninachofanya. Ndiyo.
Muhindo amekwisha kuvuka mupaka wa Kasindi. Ningali ninajiuliza kama ile siku moja niliiomba ju yake. Sijue. Bibi yake hapana anaitika salamu za batu betu, ku soko alinipita kama muti.

Siku ya Posho, 31.
Balimuachilia Kasereka. Amekonda. Vidole bibili bya mukono wa kuume habikunjiki.
Nilienda kwake na kuku. Kavira alitoka inje, akatuacha babili. Nilimuambia: "Ni mimi nilitaja jina yako."
"Ninajua. Balinisomea maneno yako siku ileile balinishika."
Niliuliza Beni alienda kufanya nini. Alienda kutafuta fundi wa mbao, amusaidie pembe ya mufano. Hakumupata, akanunua makala asirudie mikono mitupu.
Kuku alibaki amefungwa miguu karibu na mulango.

Siku ya ine, 5 mwezi wa ine.
Kasereka alikuya kuchukua chungu yake ya kuyeyushia. Shemeji yake mwingine amemupa nafasi ya kumwagia nyuma ya duka. Hakugombana. Mufano ameniachia.
Chungu ni nzito na mukono wake hapana unashika vizuri. Nilikamata sikio moja, yeye lingine. Tulitoka nayo mpaka barabara, kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ilikuwa inangoja. Kuliteleza, mvua ilinyesha asubui. Katikati alisema: "Polepole, shemeji. Kuna shimo upande wako."
Tulizunguka shimo. Tulipandisha chungu, akaifunga na kamba ya kauchu, mimi nikishika.
Nimefagia muchanga. Upepo unatoka ku mulima.